Dau likiharibika, muuzaji asinufaike nalo: uzi kuhusu minada ya mtandaoni hapa Dodoma

Mleta uzi

Wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, jiji letu limekuwa la watu wanaofika na wanaoondoka, na kila anayeondoka huacha kabati, jokofu, kitanda au jiko ambalo gharama ya kulisafirisha hailingani na thamani yake. Vitu vya namna hiyo ndivyo ninavyovinadi katika makundi ya WhatsApp ya Ipagala, Ilazo, Nzuguni na Area C, vingine vikiwa vyangu na vingine vya watu walioniomba niwauzie. Humo humo nimesoma malalamiko ya wauzaji wenzangu kuhusu wanunuzi: aliyeshinda kisha akazima simu, aliyefuta dau lake, yaani bei aliyokwisha kuitaja, aliyengoja sekunde ya mwisho, aliyedai kwamba ameongeza sifuri kwa bahati mbaya. Malalamiko hayo ni ya kweli. Nisichokubaliana nacho ni hitimisho linalofuata mara nyingi, kwamba dawa ni kumbana mnunuzi.

Msimamo wangu, ambao naomba tuujadili, ni huu: dau lolote linapoharibika, iwe kwa hila au kwa ajali, muuzaji asipate hata shilingi moja kutokana na kuharibika kwake. Muuzaji anayeishika kanuni hiyo ataona maswali mengi yanajijibu, na anayeiacha atajikuta anatungiwa shutuma ambazo hana namna ya kuzikanusha.

Kwanza tukubaliane kwamba uzoefu wetu wa minada ya kawaida hautusaidii sana. Tunasema tunakwenda mnadani Msalato, lakini kinachofanyika pale kwa sehemu kubwa ni mapatano ya watu wawili mbele ya ng'ombe, huku mnunuzi akimkagua mnyama kwa macho yake na muuzaji akijua kwamba aliye mbele yake amekuja na fedha. Mtandaoni mnunuzi hakioni kitu, muuzaji haioni fedha, na washindani hawaonani wao kwa wao. Kila kinachokosekana hapo lazima kizibwe na maneno yaliyoandikwa kabla dau la kwanza halijatolewa.

Maneno hayo si mengi. Taja bei ya kuanzia. Taja kiwango ambacho kila dau jipya lazima lizidi lililotangulia. Taja saa ya kufunga na namna ya kufunga. Sema kama kuna bei ya chini ambayo hutauza chini yake. Sema mshindi analipa ndani ya muda gani, anachukua kitu wapi, na nini kitatokea asipolipa. Ongeza kwamba kiasi chote kiandikwe kwa tarakimu kamili. Katika kundi moja mtu huandika "mbili na nusu" akiwa na maana ya laki mbili na nusu, mwingine huandika "250" akitarajia msomaji aongeze elfu mwenyewe, na panapotokea ugomvi kila mmoja huwa na tafsiri inayomfaa. Andika 250,000, basi.

Sasa nije kwenye tatizo lenyewe kubwa, yaani mshindi asiyelipa.

Chukua mfano wa jokofu lililoanza kwa shilingi 200,000, kila dau likipanda kwa 10,000. Watu watatu wanashindana. Wa tatu anaishia 260,000 na kunyamaza. Wawili waliobaki wanaendelea kupandishiana hadi wa kwanza anafika 400,000, na wa pili dau lake la mwisho ni 390,000. Mnada unafungwa, wa kwanza hapokei simu, na baada ya muda uliowekwa inakuwa wazi kwamba hatalipa. Wauzaji wengi humpigia wa pili na kumwambia: lete 390,000, jokofu ni lako.

Mimi nasema hapana. Ukiondoa dau la mtu asiyelipa, ondoa pia alama zote alizoziacha. Kama asingekuwepo, wa pili angeshinda kwa 270,000, hatua moja tu juu ya wa tatu. Shilingi 120,000 zilizozidi zililetwa na mtu ambaye hakuwa na nia wala fedha, na muuzaji anayezipokea ananufaika na kivuli. Tena wa pili ana haki ya kujiuliza kivuli hicho kilikuwa cha nani. Hawezi kujua kama ni mtoto aliyekuwa anacheza na simu, au mpita njia asiye na kazi, au shemeji wa muuzaji. Muuzaji anaweza kuapa kwa mbingu na ardhi, ushahidi hana.

Najua kwamba mitandao mikubwa haifanyi hivyo. eBay, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995, humpa mnunuzi siku 4 za kulipa, na asipolipa muuzaji anaweza kuyafuta mauzo hayo na kumpelekea aliyemfuata pendekezo la kununua kwa dau lake la juu kabisa. Lakini tazama mazingira yao. Pale mnunuzi huiambia mashine kiwango chake cha juu kwa siri, na mashine humpandishia dau kidogo kidogo, kiasi tu cha kumpita mshindani. Mashine haina jokofu la kuuza. Akaunti ya kila mmoja ina historia inayosomeka, na mtandao wenyewe unakataza muuzaji kupandisha bei ya bidhaa yake kwa akaunti nyingine au kwa kuwatumia jamaa zake. Sisi kwenye kundi la WhatsApp hatuna hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa sababu hiyo hiyo naomba wauzaji waache kupokea "kiwango cha juu" kwa ujumbe wa faragha. Utaletewa maneno ya heshima kabisa: "Kaka, mimi nitakuwa kazini, nipandishie hadi laki tatu." Ukikubali, umejua siri ya mnunuzi mmoja na wakati huo huo wewe ndiye unayenufaika bei ikipanda. Hata ukiwa mwaminifu kiasi gani, siku atakaponunua kwa 300,000 kamili ataamini kwamba ulimfikisha pale kwa makusudi, na sioni namna ya kumlaumu. Mwambie amtume ndugu au rafiki amwakilishe hadharani.

Kuhusu muuzaji kupandikiza watu wa kupandisha bei, sitasema mengi kwa kuwa jambo liko wazi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imelizungumzia tangu enzi ambazo hakuna aliyewaza intaneti: muuzaji haruhusiwi kujitolea dau mwenyewe wala kumtumia mtu amtolee, isipokuwa kama alitangaza mapema kwamba amejiwekea haki hiyo; akikiuka, mnunuzi anaweza kuyachukulia mauzo hayo kuwa ya udanganyifu. Anayeogopa kuuza kwa hasara ana njia halali ya kujikinga, nayo ni kuweka bei ya chini na kutangaza kwamba ipo. Wakulima wetu wanaouza dengu na ufuta kwa stakabadhi za ghala hufanya jambo la karibu na hilo: bei ya mnada ikisomwa, wana nafasi ya kuikataa, na kila mnunuzi anajua hivyo kabla hajatoa dau. Hakuna anayewaita matapeli.

Dau la dakika ya mwisho halistahili hasira nyingi kama tunayolionyesha. Anayevizia hajavunja kanuni yoyote; anaitumia kanuni yako mbovu. Mnada unaofungwa saa 3:00 usiku kamili, liwe liwalo, unamwalika kila mwenye akili asubiri saa 2:59. Jambo hili lilichunguzwa na Alvin Roth, ambaye baadaye mwaka 2012 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na mwenzake Axel Ockenfels, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002. Walilinganisha minada ya eBay, iliyofungwa kwa saa maalumu, na ile ya Amazon ya wakati huo, ambayo haikufungwa hadi dakika 10 zipite bila dau jipya. Waliona kwamba kuvizia kulikuwa kwingi zaidi eBay. Andika basi kwamba dau lolote likiingia ndani ya dakika 5 za mwisho, muda unaongezwa dakika 5 nyingine kuanzia hapo, na anayevizia atakosa faida ya kuvizia. Ukifika muda wa kufunga, msimamizi abadilishe mpangilio wa kundi ili wasimamizi peke yao waweze kuandika. Hapo hakuna tena mjadala wa nani aliwahi.

Limebaki suala la madau yanayobadilika baada ya kutolewa. Tangu mwaka 2023 WhatsApp inamruhusu mtu kuhariri ujumbe wake ndani ya dakika 15, na kufuta kwa wote kunawezekana kwa muda mrefu zaidi. Ujumbe uliohaririwa huonyesha kwamba umehaririwa, ila hauwaambii wengine ulisema nini mwanzo. Njia ninayoitumia ni kwamba dau halihesabiki hadi mwendesha mnada alirudie kwa maandishi yake mwenyewe, kwa mfano: "Dau lililopo 310,000, mtoa dau wa namba inayoishia 47." Kumbukumbu ya mnada inakuwa ujumbe wangu, ambao washiriki wote wanauona wakati ule ule na wanaweza kuupinga papo hapo.

Na aliyekosea kweli? Sheria niliyoitaja inasema mauzo ya mnada hukamilika nyundo inapogonga, na kabla ya hapo mtoa dau anaweza kuliondoa dau lake. eBay imeweka masharti makali zaidi: kosa la kuandika kiasi linakubalika kuwa sababu, lakini zikibaki saa zisizofika 12 mnada kufungwa, dau huweza kuondolewa tu ndani ya saa moja tangu litolewe. Mimi nimeweka dakika 3. Aliyeandika 2,000,000 badala ya 200,000 ataliona kosa lake haraka sana, aamini asiamini.

Karibuni.

Muuza simu, Majengo

Mkuu, nimeusoma uzi wako hadi mwisho na mengi nakubaliana nayo, ila hapo kwenye jokofu umenipoteza. Yule wa pili hakushikiwa bunduki. Aliandika 390,000 kwa vidole vyake, kwa sababu kwake jokofu lilikuwa na thamani hiyo. Kama aliyemshinda angekuwa na dau la 380,000 kisha akaacha, wa pili angelipa 390,000 na kwenda nyumbani akiwa na furaha. Leo unamzawadia punguzo la 120,000 kwa sababu tu mtu mwingine ni mwongo. Na mwenye jokofu, ambaye hajamkosea mtu, ndiye anayelipa faini. Hiyo haki ni ya nani?

Mleta uzi

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito kuliko zote nilizotarajia, na sitaipita kwa haraka.

Ni kweli kwamba wa pili alionyesha utayari wa kulipa 390,000. Lakini dau katika mnada si tamko la thamani ya kitu peke yake. Ni jibu kwa dau lililotangulia. Mtu akiona mwenzake anakitaka kitu kwa 380,000, huamini kwamba mwenzake ameona ndani yake kitu ambacho yeye hajakiona, hasa kwa vitu vilivyotumika ambavyo hakuna anayejua hali ya ndani. Mshindani akiwa wa uongo, taarifa hiyo nayo ilikuwa ya uongo. Ndiyo maana wa pili akipigiwa simu mara nyingi hugoma, ilhali usiku uliopita alikuwa anapandisha kwa ari. Hajabadilika tabia. Kilichobadilika ni kile anachokijua.

Hata hivyo nakubali kwamba jibu langu linategemea jambo moja, nalo ni kama mshindi aliyetoroka alikuwa mtu halisi au la. Hapo ndipo amana inapofanya kazi. Kama kila anayetaka kushindana amelipa amana ndogo kabla, tuseme 10,000 kwa kitu cha thamani ya jokofu, na aliyetoroka ameipoteza amana yake, basi tunao ushahidi fulani kwamba hakuwa kivuli. Katika hali hiyo sioni ubaya wa kumpa wa pili nafasi ya kununua kwa 390,000, mradi iwe ni nafasi ya hiari na amana yake irudi akikataa. Akikataa, mnada unarudiwa, aliyetoroka akiwa ameondolewa. Pasipo amana, nabaki na 270,000 yangu, au mnada urudiwe ukianzia hapo.

Kuhusu mwenye jokofu kulipa faini: yeye ndiye aliyechagua nani aingie mnadani. Wa pili hakuwa na uwezo wa kumchuja mtu yeyote.

Muuza simu, Majengo

Hapo tumekaribiana, ingawa bado naona unampendelea mnunuzi. Swali la pili: amana inashikwa na nani? Maana ukishika wewe, watakaoshindwa ndio watakaoanza kukutafuta wewe.

Mleta uzi

Nikiwa nauza kitu changu mwenyewe, amana haikai kwangu. Hukaa kwa mtu wa tatu ambaye kundi linamfahamu na ambaye hana maslahi katika bei. Katika kundi letu moja ni mama mwenye duka la uwakala wa fedha, na orodha ya waliolipa na waliorudishiwa hubandikwa hadharani, majina yakiwa yamefupishwa na namba za simu zikiwa zimefichwa isipokuwa tarakimu mbili za mwisho. Wasioshinda hurudishiwa usiku ule ule, na makato ya kutuma yanatajwa katika kanuni nani atayabeba. Amana iwe ndogo. Ikiwa kubwa, muuzaji mwenyewe ataanza kuombea mshindi atoroke.

Mkulima wa zabibu, Hombolo

Salaam aleikum ndugu zangu. Mimi shida yangu si ya jokofu. Msimu uliopita nilijaribu kunadi zabibu mtandaoni kwa kreti, nikapata mshindi kutoka mbali kwa bei nzuri kuliko wanunuzi wanaokuja na gari shambani. Siku ya kuchukua akafika, akatazama kreti zilizokwisha kukatwa, akasema zabibu hazifanani na picha, apunguziwe robo ya bei au aondoke. Jua linawaka, mzigo uko chini, wa pili amekwisha kununua kwa jirani. Nilimpa. Nawauliza, huyu naye dau lake limeharibika, au nimezidiwa akili tu?

Mleta uzi

Waaleikum salaam, mzee wangu, na pole. Limeharibika, tena kwa namna mbaya kuliko ile ya kutoroka, kwa sababu aliyetoroka anakuacha na mali yako, wakati huyu alikungoja hadi mali ikose njia nyingine. Kosa haliko katika bei ya mnada. Liko katika mpangilio wa nani anatangulia kufanya nini.

Zabibu ikikatwa haiendelei kuiva. Inachofanya kuanzia hapo ni kunyauka na kuoza. Kwa hiyo nguvu yako yote iko kwenye mzabibu kabla ya mkasi. Nadi zabibu zikiwa bado shambani, na kanuni iseme kwamba hakuna shada litakalokatwa kabla ya malipo yote, au angalau sehemu kubwa, kuthibitishwa. Mnunuzi wa mbali anayesita kulipa kitu asichokiona ana haki yake. Mruhusu yeye au mwakilishi wake aje akague kabla ya mnada, aonje, apime utamu kwa kifaa kama anacho, na kanuni iseme kwamba aliyepewa nafasi ya kukagua asiitumie, malalamiko yake ya ubora hayatapokelewa baadaye, isipokuwa kama mzigo umebadilika tangu siku ya ukaguzi. Picha ziwe za siku ile ile, zikionyesha pia mashada mabaya. Picha ya mashada mazuri peke yake ndiyo inayompa mgomvi hoja.

La pili, kwa mazao yanayooza usimruhusu aliyeshika nafasi ya pili aondoke. Kanuni iseme kwamba mshindi ana saa chache tu za kulipa, na katika saa hizo wa pili anabaki amefungwa na dau lake kama alilipa amana. Kwa jokofu ningeona huo ni ukali kupita kiasi. Kwa zabibu ni lazima.

Kwa hali yako ya siku ile, ambapo tayari zilikuwa chini, sidhani kama ulikuwa na la kufanya zaidi ya ulilofanya.

Dada wa alizeti, Singida mjini

Kaka mleta uzi, huku kwetu nauza mafuta ya alizeti na kuku wa kienyeji kwa mnada wa kundi, na wateja wengine wako Dodoma na Manyoni. Dau linakwenda vizuri, tatizo linakuja kwenye kulipa. Mshindi ananitumia picha ya ujumbe wa muamala, naangalia simu na kweli ujumbe upo, nampa dereva wa basi mzigo. Jioni salio halisomi. Kuna mwingine alilipa kweli, akapokea mzigo, kisha akapiga simu kwa mtandao wake kudai kwamba alikosea namba. Nifanyeje?

Mleta uzi

Dada, pole sana. Hilo la kwanza ni kosa la jinai, wala lisihesabiwe kuwa ni ugomvi wa mnada. Ujumbe wa kughushi hutumwa kutoka namba ya kawaida ukiwa umeandikwa kwa mfano wa ujumbe wa mtandao, na picha ya skrini hutengenezwa na yeyote mwenye simu. Usisome ujumbe hata kidogo. Ingia mwenyewe kwenye menyu ya huduma yako ya fedha, angalia salio na miamala ya karibuni, ndipo mzigo uondoke. Namba iliyotumika kutuma ujumbe wa kitapeli iripoti kwa kuituma kwenda 15040, na ukiwa umepata hasara nenda polisi ukiwa na ujumbe wenyewe, usiufute. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusika hapo.

Kwa huyu wa pili, pokea malipo ya mnada kwa lipa namba badala ya namba yako binafsi. Dai la "nilikosea namba" huwa gumu zaidi kuaminika pale mtu alipoona jina la biashara kabla ya kuweka namba ya siri. Juu ya hapo, mara tu mnada unapofungwa mwandikie mshindi kundini, si faraghani: kitu gani, kiasi gani, alipie namba ipi, na yeye ajibu kwamba amekubali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua mkataba uliofanyika kwa ujumbe wa kielektroniki, kwa hiyo majibizano hayo yana uzito pale mtandao wa simu au mahakama itakapouliza fedha zilikuwa za nini. Risiti ya basi ya mzigo ipige picha nayo uiweke hapo hapo.

Mwanajamvi wa Kondoa

Mimi niko upande wa wanunuzi, na naomba wauzaji mtusikilize. Mtandao wa kijijini kwetu ni wa kubahatisha. Naandika dau saa 2:58, linabaki na alama moja ya tiki, linafika kwenu saa 3:04 mnada umefungwa. Kwenye simu yangu linaonekana nimeliandika kabla ya wakati. Nimeambiwa mara kadhaa kwamba ninasema uongo. Kwa kanuni yenu ya kutonufaika na dau lililoharibika, langu limeharibika au la?

Mleta uzi

Swali zuri, na jibu langu halitakufurahisha. Dau linahesabiwa pale linapowafikia washindani wako, kwa sababu wao hawakupata nafasi ya kulijibu. Nikilipokea la saa 3:04 kwa kuwa simu yako inasema 2:58, nitakuwa nimekupa wewe uwezo wa kushinda bila kupingwa, na bei itakuwa imepanda baada ya kufungwa, jambo ambalo linanifaa mimi muuzaji. Nikifanya hivyo nimevunja kanuni niliyoianzisha mwenyewe.

Kukuita mwongo, hata hivyo, ni utovu wa adabu, na naomba wauzaji waliofanya hivyo waache. Kinachoweza kufanyika ni muuzaji kuepuka kufunga minada usiku ambapo kila mtu yuko mtandaoni, kuacha mnada uende siku nzima badala ya saa moja, na kuweka ile nyongeza ya dakika 5. Ikiwa unajua mtandao wako ni dhaifu, toa dau lako la kweli mapema badala ya kungoja. Na umeme au mtandao ukikatika upande wa mwendesha mnada mwenyewe, mnada usimame na utangazwe upya kuanzia dau la mwisho alilolithibitisha.

Muuza simu, Majengo

Wakuu, la mwisho kutoka kwangu. Mleta uzi umesema unauza pia vitu vya watu wengine. Hapo si umekuwa dalali? Maana nasikia kuna leseni.

Mleta uzi

Umesikia sawa. Ipo Sheria ya Madalali wa Mnada, Sura ya 227, inayotaka anayefanya kazi hiyo kuwa biashara awe na leseni. Anayeuza kabati lake mwenyewe kwa kuwa anahama hayuko katika kundi hilo, lakini anayechukua mali za watu na kulipwa kamisheni kila wiki aende ofisi ya biashara ya halmashauri akaulize anahitaji nini, badala ya kujiamulia kwamba mtandaoni ni eneo huru. Mimi kwa sasa sichukui kamisheni kwa vitu vya watu. Ninavinadi kwa majirani na ndugu, na mwenye kitu hulipwa moja kwa moja na mshindi. Siku nitakapotaka kulipwa kwa kazi hiyo nitakwenda kukata leseni, na kanuni zangu zitabandikwa zikiwa na namba yake juu.

Mzee wa Hombolo, kabla ya mavuno yajayo nitumie kanuni zako hapa hapa ukiwa umeziandika, tuzipitie pamoja na wanajamvi wengine, hasa kipengele cha ukaguzi na kile cha saa za kulipa.